Dondoo muhimu: Diski ya pili ikigoma

Katika saiba za Kibera na Kawangware, ambako watu huchapisha CV na kujaza ritani za KRA kabla ya Juni 30, diski ya pili ya kompyuta ya mezani mara nyingi ndiyo ghala la faili za wateja. Ikitoweka, fundi mzuri hakimbilii kuifomati.

Huzima mashine, huchomoa waya wa stima na kufungua kasha. Diski ya SATA ina kebo mbili: nyembamba ya data yenye pini 7, na pana ya umeme yenye pini 15. Kasha likisukumwasukumwa, kebo hulegea. Ya data ibadilishwe kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuliko diski.

Kisha hukagua BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Diski isipoonekana humo, ijaribiwe kwenye tundu jingine au kompyuta nyingine. Ikionekana humo lakini Windows haiioni, huenda imekosa herufi tu. Kuipa E kunatosha. Windows ikiomba kuiandaa upya (Initialize) ilhali ina faili, jibu ni hapana.

Mlio wa tik-tik unaojirudia ni hatari kubwa: zima papo hapo, maana kichwa cha kusomea kilichoharibika hukwaruza sahani zenye data.

Stima ikikatika diski inapoandika, mpangilio wa faili huvurugika. Chkdsk, zana ya Windows ya kukagua diski, husaidia, lakini nakili kwanza faili muhimu. Mwenye saiba, nunua UPS, na kila jioni weka nakala ya kazi za wateja kwenye diski ya nje, kisha ichomoe.