Isabelle au Elizabeti?

*Shangazi, nimejifungua mtoto wa kike majuma matatu yaliyopita. Mume wangu anataka apewe jina la mama yake, Elizabeti. Mimi napenda Isabelle, na nimesikia kwamba ni jina lilelile. Mama mkwe amekasirika, anasema nimemkataa. Nifanye nini?*
*Mama Mzazi, mtaa wa Bigo, Bunia*

Mwanangu, hongera na pole kwa uzazi.

Ulichosikia ni kweli. Jina hili lilianzia kwa Waebrania: Elisheba, mke wa Haruni, anatajwa katika Kutoka 6:23. Kwa Kigiriki likawa Elisabet, jina la mama yake Yohana Mbatizaji. Wapolandi husema Elżbieta, Wahungaria Erzsébet, Waitaliano Elisabetta. Kusini mwa Ufaransa na Hispania, karne nyingi zilizopita, ndimi zililigeuza likawa Isabel. Ushahidi uko kanisani: malkia mtakatifu wa Ureno aliyefariki mwaka 1336, Wareno humwita Isabel, Wafaransa humwita Élisabeth.

Lakini mama mkwe wako hakuuliza habari za Wareno. Somo hutambuliwa kwa sikio: mtu akiita "Elizabeti!" uani, bibi na mjukuu waitike wote wawili. Furaha hiyo ndiyo anayoingojea. Tena fikiria miaka aliyopitia. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo yaliyotoka Ulaya. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Kina Elizabeti wengi wakaendelea kuitwa hivyo nyumbani tu, huku karatasi za serikali zikibeba majina ya asili peke yake. Jina lililowahi kuondolewa kwenye karatasi, mwenyewe hutamani kuliona limeandikwa tena.

Kwa hiyo, kwenye etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi, andikisheni Elizabeti, pamoja na jina la asili mtakalokubaliana. Nyumbani mwite Isabelle upendavyo, hujadanganya mtu. Kwanza mpelekee bibi mtoto, umwekee mikononi, umwambie: "Mama, somo wako huyu." Yaliyobaki mtayazungumza kwa utulivu.

Kisha chagueni tahajia moja na kuishika. Elisabeth, Elizabeth na Elizabeti zikichanganyika kati ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo na karatasi za shule, atakayehangaika ni binti yako siku ya kuandikishwa kwa mtihani wa serikali.

Sheria inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Zako 21 zimekwisha pita. Pataneni juma hili, mwende.