Somo: Namna mashirika yanavyonunua mazao yetu

Mufanyabiashara akifika kijijini na lori anatia mukono katika gunia, munapatana bei, analipa palepale. Mutu mmoja ameamua yote. Lakini tukitaka kuuzishia PAM, hospitali ao kiwanda cha unga, hatuuzishi kwa mutu mmoja. Ndani mule kuna mwenye kuhitaji chakula, mwenye kutafuta bei, mwenye kupima, mwenye kutia sahihi na mwenye kulipa, na kila mmoja anaweza kusimamisha kazi. Tunapoteza siku nyingi kwa kusalimia mukubwa, kumbe anayerudisha lori yetu ni karani wa depo.

Kazi inaanza na karatasi. Shirika linaandika linachotaka: aina, kilo, siku, fasi ya kupeleka. Kisha mara nyingi linaomba bei kwa wauzaji watatu ao zaidi. Hapa koperative iwe na proforma, usajili kufuatana na sheria ya OHADA (SCOOPS inaomba wanamemba watano tu), na konti ya banki kwa jina lake. Bila konti hata bei nzuri haisaidii, sababu shirika halitaki kutia feza mukononi mwa mutu.

Juu ya mahindi, mikataba mingi inakataa unyevu wenye kupita 13.5 kwa mia. Tunaweza kujaribu nyumbani: tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa sana, acha kidogo. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, unyevu umepita 15. Isiposhika, tusifurahi mbio: kutoka 15 mupaka 13.5 kungali jua la kuanika, na mashini ya kupima ndiyo inasema mwisho.

Sasa malipo, na hapa ndipo makoperative yanavunjika. Tukifikisha mzigo wanaandika karatasi ya kupokea, tunatoa fakture, halafu tunangoja siku 30, pengine zaidi. Mwaka 2008 PAM ilianza mupango P4P wa kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20. Kwetu ulifika Kabalo na Kongolo. Katika nchi nyingi za mupango ule shida ilikuwa hii: malipo yanakawia, wanamemba wanauzisha pembeni. Hatuwezi kuwalaumu sana. Mutoto akifukuzwa masomoni, baba hawezi kungoja banki.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika proforma, tuulize kila nyumba: magunia mangapi yanaweza kukaa mwezi muzima bila feza? Komande ya tani 20 ni magunia 400 ya kilo 50. Jibu likiwa magunia 180, tuandike tani 9. Na kama shirika halipokei nusu, tutafute koperative jirani kabla ya sahihi, hapana kisha, ao tuiache komande ile ipite.