Kuchagua Hoteli ya Kifahari Kwenye Theluji ya Uswisi

Anayepanga kwenda kulala kwenye hoteli ya kifahari katika milima ya Uswisi huanza na picha: bwawa la maji moto linalotoa mvuke huku theluji imelizunguka, moto unaowaka sebuleni, kilele cha Matterhorn kikionekana dirishani. Picha hizo ni za kweli, ila karibu kila hoteli ya nyota tano inazo. Utamu wa safari yako utaamuliwa na mambo ambayo picha haionyeshi: kijiji kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, kutoka mlangoni hadi kwenye treni ya mlimani ni mwendo gani, dirisha linaelekea wapi, na umefika wiki gani ya msimu. Hayo ndiyo ya kuulizia mwanzo. Marumaru na mashuka mazuri utayakuta tu.

Basi anza na kijiji. Sisi tuliozoea kuitazama theluji ya Kibo kwa mbali, kule mita 5,895, ni rahisi kudhani theluji ni ya kileleni peke yake. Kwenye Alps, wakati wa baridi, inashuka mpaka mlangoni, lakini si kwenye kila mlango. Gstaad, kijiji chenye jina kubwa na hoteli maarufu ya Gstaad Palace iliyofunguliwa mwaka 1913, kiko kwenye mita 1,050 hivi. Majira ya baridi yakiwa na joto kidogo, pale inaweza kunyesha mvua badala ya theluji. Zermatt iko kwenye mita 1,600 na St. Moritz kwenye mita 1,800, na huko uhakika wa kukuta theluji ni mkubwa zaidi. Ikiwa hii ndiyo safari yako ya kwanza, na pengine ya pekee kwa miaka mingi, usibahatishe. Chagua kijiji cha juu.

Kati ya hivyo viwili, amua kwa kujiuliza unakwenda kufanya nini.

Zermatt ni ya mlima wenyewe. Matterhorn, wenye mita 4,478, umesimama peke yake kusini-magharibi ya kijiji, na kila anayefika hutembea shingo imegeuka. Mpanda milima Edward Whymper na wenzake sita waliufikia kilele kwa mara ya kwanza tarehe 14 Julai 1865. Wanne kati yao walikufa wakati wa kushuka. Whymper alikuwa akifikia Monte Rosa, hoteli iliyokuwa ya familia ya Seiler, ambayo bado inapokea wageni hadi leo. Magari ya petroli hayaingii kijijini. Mwenye gari huliacha Täsch na kumalizia safari kwa treni ya dakika kumi na mbili. Nje ya stesheni ya Zermatt utaona vigari vidogo vya umeme vimepangwa, kila kimoja na jina la hoteli yake, na wapagazi wanaokuuliza jina kabla hujashusha begi. Iandikie hoteli saa ya treni yako siku moja kabla, na utakuta unasubiriwa. Usipowaarifu, utaburuta masanduku kwenye barabara yenye theluji iliyoshindiliwa, na magurudumu ya sanduku hayaiwezi.

St. Moritz inawafaa zaidi wasioteleza. Ziwa lake huganda, na barafu ikiwa nene ya kutosha, mwezi Februari farasi hushindana juu yake katika mbio za White Turf, zilizoanza mwaka 1907. Kuna maduka, makumbusho, njia za kutembea kwa miguu zinazosafishwa kila siku, na treni ya Bernina inayopanda hadi mita 2,253 kisha kushuka Tirano, Italia. Reli hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mzee anayetaka kukaa kwenye starehe na kutazama, au mama mwenye mtoto mchanga, atafurahi zaidi hapa kuliko Zermatt.

Mji huu ndio uliouza wazo la likizo ya baridi kwa Ulaya. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli ya Kulm, aliwaambia wageni wake Waingereza waliokuja kiangazi kwamba wakirudi wakati wa baridi watakaa juani, na wasiporidhika atawalipia nauli. Walirudi, wakakaa hadi Pasaka. Alichowaahidi lilikuwa jua, na jua ndilo la kulipia mpaka leo.

Hapo ndipo watu wetu wengi hukosea wanapochagua chumba. Anayeishi karibu na ikweta hana sababu ya kufikiria dirisha linaelekea wapi, maana jua linapita juu ya paa. Uswisi, mwezi Januari, jua linapita chini chini upande wa kusini mchana kutwa na kutoweka mapema nyuma ya milima. Chumba kinachoelekea kaskazini kinaweza kukaa msimu mzima bila kuguswa na mwanga wake. Kwa hiyo omba cha upande wa kusini, tena chenye baraza. Saa sita mchana, upepo ukitulia, utakaa barazani na sweta tu na kunywa chai, huku theluji imejaa kwenye ukingo. Kwa Zermatt, vyumba vinavyotazama Matterhorn huuzwa bei ya juu. Ukilala usiku mmoja, usilipe ziada hiyo, kwani wingu linaweza kukufichia mlima wote. Ukilala siku tatu au zaidi, lipa. Alfajiri mwanga wa jua hupiga kileleni kwanza, ukashuka polepole kwenye mwamba wakati kijiji kingali gizani, na hilo huwezi kuliona ukiwa chumba cha nyuma.

Ukiwa bado unaandikiana nao, uliza kitanda. Kitanda cha watu wawili cha Uswisi mara nyingi ni magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, kila moja na mfarishi wake. Mkitaka godoro moja, semeni mapema.

Kuhusu wakati, tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya hoteli na hoteli. Kuanzia Krismasi hadi mwanzoni mwa Januari ndio ghali kuliko yote. Hoteli nyingi hazikubali mgeni wa siku mbili, zinataka akae wiki nzima, na faranga 1,000 au zaidi kwa usiku mmoja ni bei ya kawaida kwenye hoteli za juu. Baada ya hapo bei hushuka hadi mwisho wa Januari, ila siku ni fupi na baridi inauma kwelikweli. Mji wa Davos uuepuke ile wiki ya mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani, ambapo vyumba vyote huchukuliwa na wajumbe. Februari shule za nchi nyingi za Ulaya zinafunga, na kila kijiji hufurika. Ushauri wangu ni Machi: theluji bado ni nyingi, mchana ni mrefu, jua lina nguvu, na mwenye hoteli yuko tayari kuzungumza bei. Baada ya Pasaka hoteli nyingi hufunga milango mpaka Juni, kwa hiyo usipange safari ya Mei ukitarajia haya.

Kama mtateleza kwa skii, nendeni mkakitazame chumba cha skii mara tu mnapofika. Katika hoteli nzuri kiko chini, karibu na mlango unaotokea kwenye theluji. Kila mgeni ana kabati lake, na ndani yake mna vibomba vifupi vilivyosimama wima. Unakigeuza kiatu juu chini, unakivisha kwenye kibomba, na hewa ya moto inapuliza ndani yake usiku kucha. Asubuhi kiatu kimekauka, plastiki imelegea, mguu unaingia na vifungo vinafungika. Kiatu kilicholala kwenye baridi huwa kigumu hata mtu mzima akatoka jasho kabla hajafika mlimani. Katika hoteli za juu yupo mhudumu wa kukusaidia kukivaa na kukubebea skii hadi nje. Huduma hii moja nitaichagua mbele ya bwawa la pili la kuogelea.

Uliza pia kutoka hapo hadi kwenye kituo cha kupandia mlimani ni dakika ngapi kwa miguu, ukiwa umevaa viatu hivyo. Zaidi ya dakika tano ni mbali. Zipo hoteli zilizojengwa kwenye miteremko yenyewe, kama Riffelalp iliyo juu ya Zermatt kwenye mita 2,222, inayofikiwa kwa treni ya Gornergrat. Utulivu wake hauna mfano, lakini ukitaka kula chakula cha usiku kijijini lazima ujue saa ya treni ya mwisho. Anayeanza kujifunza achukue mwalimu binafsi kwa siku mbili za kwanza badala ya kuingia kwenye kundi. Ni ghali, lakini siku ya tatu atakuwa anashuka mwenyewe. Tiketi ya kutumia miteremko huwa haimo kwenye bei ya chumba, na Zermatt hukaribia faranga 100 kwa mtu mzima kwa siku, wakati mwingine zaidi. Inanunuliwa mapema mtandaoni kwa nafuu.

Nguo usinunue zote nyumbani. Beba za ndani za sufu, soksi ndefu, glavu na kofia; pamba uiache, maana ikilowa jasho inakugandisha. Skii, viatu na kofia ngumu hukodishwa, na baadhi ya maduka hukodisha hata makoti na suruali. Miwani ya jua ni lazima kwa kila mtu. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na weusi wa ngozi haulindi macho.

Yapo mambo mawili ambayo vitabu vya wageni huyapita, na kwa wasomaji wetu yana uzito. La kwanza ni chakula. Fondue, ile sufuria ya jibini iliyoyeyushwa, hupikwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi hutiwa kirsch, pombe kali ya cheri. Haitoshi kuambiwa kwamba haina nyama. Raclette, jibini inayoyeyushwa na kukwanguliwa juu ya viazi, haina pombe. Bündnerfleisch ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa hewa, ila sinia inayoletwa huwa imechanganywa na ya nguruwe. Nyama ya halali iagizwe mapema: Uswisi imekataza kuchinja mnyama bila kumzimisha fahamu kwanza tangu mwaka 1893, na iliyochinjwa bila kufanya hivyo hutoka nje ya nchi. Mpishi wa hoteli kubwa ataipata akiarifiwa siku kadhaa kabla. Ukimwambia mezani hawezi kukusaidia.

La pili ni sauna. Kwenye sehemu zinazozungumza Kijerumani, ambako Zermatt, Davos na St. Moritz zimo, desturi ni kuingia sauna bila nguo, wanaume na wanawake pamoja. Wenyeji hawaoni ajabu, wala hawakusudii kumkera mgeni. Asiyeridhia aulize mapokezi kama kuna saa za wanawake peke yao, au chumba cha spa kinachokodishwa kwa familia moja. Hoteli nyingi za nyota tano zinacho. Kwenye bwawa la kuogelea nguo huvaliwa.

Kisha utaratibu wa malipo, hasa kwa anayehitaji viza. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15. Usilipie chumba cha bei isiyorudishwa kabla viza haijatoka, hata kama ni nafuu namna gani. Chukua bei inayokuruhusu kughairi, uandike tarehe ya mwisho ya kughairi kwenye kalenda yako, maana katika msimu wa watu wengi inaweza kuwa wiki kadhaa kabla ya kufika. Soma bili kabla ya kuikubali: kodi ya wageni inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku huongezwa mwishoni. Malipo ya huduma yamo tayari ndani ya bei, kwa hiyo bahashishi ni hiari yako.

La mwisho ni bima, na hapa nakusihi usipite haraka. Viza inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na wengi hununua ya bei ndogo kabisa ili karatasi ikamilike. Nyingi ya hizo hazilipii ajali ya kuteleza kwa skii. Aliyevunjika mguu juu mlimani huenda akateremshwa kwa helikopta ya uokoaji, ya Air Zermatt au ya Rega, na gharama yake ni maelfu ya faranga kabla hajafika hospitali. Mpigie wakala wako wa bima, muulize kwa maneno hayo hayo kama michezo ya theluji na uokoaji wa helikopta vimo, na umwombe akuandikie jibu. Kama vimo, safiri. Kama havimo, ongeza malipo kabla ya kukodi skii.