SOMO: Vyama Viwili vya Wanafunzi wa Kilimo Vilivyokubali Kuwa Kimoja



Mara nyingi vyama viwili jirani vinapojadili kuungana, mazungumzo hukwama katika jambo moja, nalo ni jina. Hesabu zimekwisha kulinganishwa na madeni yamejulikana, lakini hakuna upande ulio tayari kuona ubao wake ukishushwa mlangoni. Kwa hiyo leo tuwatazame vijana wa Marekani waliolivuka jambo hilo.

Sheria ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ya nchi hiyo ardhi ya serikali, ili fedha zitokanazo nayo zianzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Wanafunzi wa huko walikuwa na desturi ya kuunda vyama vya kindugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki, na waliosomea taaluma moja walianza kuunda vya kwao. Mwaka 1904 wanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walianzisha Delta Rho Sigma. Mwaka 1906 wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois walianzisha Alpha Gamma Rho.

Pande hizo zilikutana Chicago mwishoni mwa mwaka huo wa 1906, kwenye mashindano ya kimataifa ya mifugo. Hili halinishangazi: watu wa kazi moja hujuana mnadani upesi kuliko ofisini.

Hawakuharakisha, zaidi ya mwaka mzima ulipita. Tarehe 4 Aprili 1908, wajumbe walikutana katika hoteli ya Claypool mjini Indianapolis, katika jimbo lililo kati ya majimbo yao, wakatia sahihi mkataba wa chama kimoja cha taifa. Jina lililobaki ni Alpha Gamma Rho, yaani la chama kichanga. Wa Ohio, waliotangulia kwa miaka miwili, waliacha jina lao. Lakini tawi lao likaitwa Alfa, herufi ya kwanza, na la Illinois likaitwa Beta. Hivyo kila mjumbe alikuwa na kitu cha kuwaonyesha waliomtuma. Baadaye matawi yalienea katika vyuo vingine.

Muungano huo, hata hivyo, ulikuwa wa wanaume tu. Mwaka 1978 wanafunzi wanawake watano wa chuo kilekile cha Ohio walianzisha chama chao, Sigma Alpha.

Katibu anaombwa kulifikisha swali hili kwenye mkutano ujao na kuyaandika majibu katika kumbukumbu: tukiungana na jirani yetu, tunaweza kuacha nini, na ni kitu gani ambacho wanachama lazima wakione kimebaki?