Maji ya Mto Nairobi: Kuchemsha Hakutoshi

Msomaji, huenda wewe huvuka Mto Nairobi kila asubuhi ukienda kazini. Mto huu huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita katikati ya jiji, kisha huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na Sabaki, hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Tawi lake, Mto Ngong, hupitia eneo la viwanda na Mukuru. Humo humwagwa maji machafu ya viwandani pamoja na kinyesi.

Wagonjwa huniuliza: "Daktari, nikiyachemsha je?" Kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini madini kama risasi hayaharibiwi na moto. Maji yakipungua sufuriani, madini hubaki yote. Risasi, hata kidogo, hudhuru ubongo wa mtoto, na huenda usione dalili yoyote mapema.

Mboga zinazonyunyiziwa maji hayo hufyonza madini, na kuosha hakuyaondoi yote. Kabla ya kununua sukuma wiki, muulize muuzaji ilikuzwa wapi. Mama mjamzito na watoto wawe wa kwanza kulindwa.