Watu na Mikoko: Somo Kutoka Gazi kwa Wenye Mabonde

Somo letu safari hii ni juu ya miti ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho. Mikoko humea pwani, kwenye tope linalofunikwa na maji ya chumvi bahari ikijaa. Sasa mtu wa Nyamira atauliza: inanihusu nini? Ngoja kwanza usikie habari za Gazi.

Gazi ni kijiji cha wavuvi huko Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Wenyeji huitegemea mikoko kwa boriti na fito za kujengea, na kuni za kupikia. Samaki wadogo na kaa hujificha kwenye mizizi yake mpaka wakue. Basi miaka ya 1970 miti ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. (Matofali! Hapo bila shaka umeanza kusikia harufu ya nyumbani.) Sehemu nyingine zikabaki tope tupu, ufuo ukaanza kuliwa na mawimbi, na samaki wakapungua.

Kuanzia 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walipanda miche upya pamoja na wanakijiji. Lakini kupanda peke yake hakutoshi. Mtu asiye na kuni atakata hata mche ulioombewa. Kwa hiyo kusoma mikoko ni kusoma watu pia: nani anakata, anakata ya nini, na akikatazwa atatumia nini badala yake? Ndiyo maana huko Gazi ilipandwa pia mivinje nchi kavu, ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia kwenye mikoko.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117, yaani karibu ekari 290. Miti ile na tope lake huhifadhi kaboni ambayo ingekwenda hewani na kuongeza joto duniani, na wanunuzi wa nje hulipia ulinzi huo. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Turudi kwetu. Katika mabonde yetu yenye majimaji watu wamechimba mitaro, wakapanda mikaratusi, wakafyatua matofali. Bonde lenye majani na matope hushika maji ya mvua na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi, kazi ambayo mtaro haiwezi. Likikauka, akina mama ndio wa kwanza kujua, kwa sababu ndio wanaobeba mtungi. Lakini tusimlaumu mfyatua matofali upesi. Tanuri moja laweza kuwa karo ya mtoto wa sekondari.

Tena kuna tofauti moja kubwa tusiifiche. Mikoko ni msitu wa serikali, na wanakijiji waliingia mkataba na Huduma ya Misitu. Bonde letu limegawanywa. Kila boma lina kipande chake kutoka mlimani hadi kijitoni. Sheria inataka nafasi iachwe kando ya mto, isiyopungua mita 6, lakini chifu hawezi kulala pale. Ukiziba mtaro wako na jirani wa juu akaacha wake wazi, umefanya kazi bure. Kwetu mapatano ni ya jirani kwa jirani, na hayo ni magumu kuliko kutia sahihi ofisini.

Kabla ya mkutano ujao, tembeeni bonde lenu lote mkiwa na wazee wawili au watatu. Waulizeni chemchemi zilikuwa wapi walipokuwa watoto, na ni zipi zimekufa. Chora ramani chini kwa kijiti, kisha kwenye karatasi. Hesabuni tanuri, mitaro na mikaratusi iliyo karibu na maji. Halafu keti na wenye tanuri wenyewe, si nyuma ya migongo yao, mwulizane: ni kazi gani nyingine ingelipa karo hiyo? Na mikaratusi, ikihamishwa juu mlimani, nani atatoa ardhi?