SOMO LA ROBO MWAKA: MAFANIKIO YA KWELI NI YAPI?

Masomo: Yeremia 29:4–7, Luka 12:13–21, 1 Wakorintho 3:5–9

Lengo: Baada ya somo hili wanakamati waweze kueleza tofauti kati ya mafanikio yanayohesabika na kusudi la Mungu katika maisha ya mtu na ya kanisa, na waweze kuipima mipango yao kwa kutumia tofauti hiyo.

Utangulizi

 

Safari hii tunajifunza tukiwa na Baleni mbele ya macho yetu. Baleni ni kata ya Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani, kwenye minazi na mihogo. Wakazi walio wengi Mafia ni Waislamu. Wakristo ni wachache, na wengi wao walifika kisiwani kwa sababu ya kazi: walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine. Leo wapo, kesho wamehamishwa.

Mahali kama hapo, mwanakamati anayejaza taarifa ya mwaka hupata shida. Safu ya waumini wapya ina namba ndogo. Safu ya sadaka ni hivyo hivyo. Jengo halijaisha. Je, huo ni ushindi au ni kushindwa? Na kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye wenzake wamevuka kwenda Dar es Salaam naye amebaki akilima, je, maisha yake yamekwama? Maswali haya mawili yana mzizi mmoja.

1. Vipimo tulivyovizoea

Katika Luka 12 Yesu anasimulia habari za tajiri aliyevuna sana hata akakosa pa kuweka mazao. Tuangalie vizuri kosa lake. Hakuiba wala hakudhulumu mtu, tena alikuwa mkulima hodari. Lakini katika mazungumzo yake yote anaongea na nafsi yake peke yake. Anataja mazao yake, ghala zake na raha yake. Jirani hatajwi. Mungu naye hatajwi, mpaka Mungu mwenyewe anapoingilia kati usiku ule. Alikuwa na mafanikio bila kusudi.

Siku hizi wapo wanaohubiri kwamba imani ni njia ya kupata gari na nyumba, na kwamba aliye maskini ana upungufu wa imani. Wanakamati, tuwe macho. Mafundisho hayo humwacha mjane wa Baleni na mzigo mara mbili: umaskini wake, na kisha aibu kwamba ameutaka mwenyewe. Biblia haichukii mali. Inakataa mali isiwe mizani ya kumpimia mtu.

2. Mnazi unatufundisha

Wenzetu wa Mafia wanao mwalimu shambani. Mnazi mrefu wa asili huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa vizuri, kisha huweza kuendelea kuzaa kwa miaka 60 na zaidi. Anayepanda akiwa mzee anajua kwamba nazi zitaangushwa na wajukuu. Hata hivyo anachimba shimo, anaweka mche na kumwagilia. Ukimuuliza mwaka wa pili amevuna nini, hana cha kukuonyesha. Je, ameshindwa?

Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba yeye na Apolo ni watumishi tu: mmoja alipanda, mwingine akamwagilia, lakini ukuaji ulitoka kwa Mungu. Hapo mtumishi anaondolewa mizigo miwili. Wa kwanza ni majivuno, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa pili ni kukata tamaa, maana ukuaji hauko mikononi mwake.

Lakini mnazi una fundisho jingine, nalo ni gumu. Mashamba makubwa ya minazi Mafia yalienea katika karne ya 19, wakati wa utawala wa masultani wa Zanzibar, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watumwa. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922 tu. Mwenye shamba wa zama zile aliweza kutoa hesabu sahihi kabisa ya minazi na mbata, na machoni pa wengi alikuwa mtu aliyefanikiwa. Hesabu yake haikuwa na makosa, ila iliwaweka watu upande wa vifaa. Kila kamati inayoandika taarifa ijiulize: je, katika namba zetu watu bado ni watu?

3. Mfano: Apolo Kivebulaya

Afrika Mashariki tunaye shahidi aliyeliishi somo hili. Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akaitwa Waswa. Katika ujana wake alipigana kama askari katika vita vya Buganda. Mwaka 1895 alibatizwa akachagua jina Apolo, jina la yule mwalimu anayetajwa na Paulo. Mwaka 1896 alifika Boga, ng’ambo ya mto Semliki, mahali ambapo leo ni Kongo ya mashariki.

Mwanzoni Boga haikumpokea. Mtemi Tabaro aliyachukia mafundisho yake, hasa juu ya ulevi na wake wengi, na watu walimnyima chakula. Apolo akashika jembe akalima chake mwenyewe. Kisha dada yake mtemi akafariki katika ajali ya mkuki, Apolo akashitakiwa, akapigwa na kufungwa. Ukimpima siku ile gerezani, ungeandika: kazi imeshindikana. Mwenyewe alisimulia kwamba humo gerezani alimwona Kristo akimtia moyo. Alipoachiwa alirudi Boga kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe akaomba ubatizo.

Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akapewa heshima ya ukanoni wa Namirembe. Angeweza kustarehe Uganda. Lakini mwaka 1915 alikuwa amekwisha kurudi Boga, na katika miaka ya 1920, akiwa mtu mzima sana, aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kwa sababu huko ndiko kazi ilikokuwa bado.

Hakuacha mke wala mtoto, wala utajiri. Boga ikawa na dayosisi mwaka 1972, na jimbo la Kanisa Anglikana la Kongo likaundwa mwaka 1992, miaka 59 baada ya kifo chake. Mkwezi si yule aliyepanda.

4. Kusudi katika mipango yetu

Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa wageni Babeli wajenge, wapande bustani, na wautafute usalama wa mji walimo, pamoja na kuuombea. Hakuwaambia wangoje mpaka wawe wengi. Kwa Mkristo aliyehamishiwa Baleni, huo ndio wito: amani ya Baleni ni amani yake.

Tufanye zoezi. Tuseme kamati ndogo kisiwani ina fedha za kazi moja tu. Pendekezo la kwanza ni kumaliza paa la nyumba ya ibada. La pili ni kutengeneza pampu ya mkono ya kisima kinachotumiwa na majirani wote, Waislamu na Wakristo. Msikimbilie jibu. Nyumba ya ibada si anasa, na watu wanaosali kwenye mvua wana haja ya kweli. Lakini pia mama anayetembea na ndoo alfajiri ana haja ya kweli. Ulizeni: nani aliulizwa kabla ya pendekezo kuandikwa? Nani atatunza na kununua vipuri baada ya miaka mitatu? Daftari la fedha litasomwa wapi, na mbele ya nani? Mali bila daftari huisha bila habari.

Na jambo moja lisisahaulike. Mkichagua kisima, kisiwe chambo. Watu wa kisiwani wanajua chambo ni nini na samaki huishia wapi. Maji yatolewe kwa sababu jirani ana kiu. Kama mtu ataona upendo wa Kristo humo, hiyo ni kazi ya Mungu anayekuza.

5. Neno kwa wafadhili

Marafiki wapendwa, mna haki ya kuona hesabu, na kamati zina wajibu wa kuzileta kwa wakati. Tunawaomba pia muulize habari za miche: nani anafundishwa utunzaji wa fedha, ni kijana gani amebaki kijijini kwa hiari na anafanya nini, majirani wanasema nini juu yetu. Msitulazimishe kuonyesha nazi mwaka wa pili, maana anayelazimishwa hununua nazi sokoni akazifunga juu ya mche.

Maswali ya kujadili

1. Tajiri wa Luka 12 angejaza vipi taarifa yetu ya mwaka? Nini kingekosekana?
2. Apolo alirudi Boga baada ya kufungwa. Je, sisi tumeacha kazi gani kwa sababu matokeo yalichelewa?
3. Katika zoezi la paa na kisima, ninyi mngeamua nini, na kwa sababu gani?
4. Kila mmoja ataje mti mmoja anaopanda sasa, ambao wengine ndio watakaokula matunda yake.

Sala

Ee Bwana, utuondolee haraka ya kuonekana. Utupe uaminifu katika kazi ndogo, upendo kwa jirani asiye wa dini yetu, na moyo wa kupanda tusipotazamia kuvuna. Amina.